Ishara ya Igalula

Miaka ishirini na saba mume wangu aliendesha treni,
na kabla ya kila safari, hata iwe saa tisa usiku,
alipuliza kipimo, akasoma herufi ukutani
kwa jicho hili, kisha kwa lile,
akaulizwa: Lugembe, leo siku gani? Unaelekea wapi?
Akajibu, akatia saini, ndipo akakabidhiwa funguo.
Hakuna aliyesema ametukanwa.

Mwaka ule aliipita ishara ya Igalula ikiwa nyekundu.
Mara moja tu. Hakufa mtu, hata mbuzi.
Wakampeleka Kitete, wakamwambia ahesabu kutoka mia
akirudi nyuma kwa saba saba.
Alifika sabini na tisa, akaniangalia mimi.

Sasa anakaa uani, anachambua maharage,
anatupa mazima, anabakiza mawe.

Kwa hiyo Mkuu aliposhuka pale stesheni
akatushukuru kwa samaki wetu,
sisi wa asali na tumbaku, wa maji ya bomba kwa zamu,
sikucheka. Niliujua ule mkono
unaotafuta kitu mfukoni kisha ukasahau kwamba unatafuta.
Katikati ya hotuba akauliza mama yake amekaa wapi.
Msaidizi akamnong'oneza. Tukapiga makofi.
Redio ya jioni ikasema Tabora imepongezwa kwa uvuvi,
na baada ya wiki mbili akaletwa afisa uvuvi, kijana mpole,
wakampeleka bwawa la Igombe apate cha kuandika.

Hilo tulilicheka ndani, mlango umefungwa.

Nsabi hakufunga mlango. Kinyozi wa Kanyenye,
mkasi mkononi, akasema mbele ya wateja:
"Kazi yangu ni kushika vichwa vya watu.
Kile kinataka daktari, hakitaki kofia nyingine."
Walikuja saa nne asubuhi, gari halina namba.
Mteja aliyekuwa kitini alitoka nusu kanyolewa
na akatembea hivyo siku sita humu mjini,
upande nywele, upande ngozi,
maana kila kinyozi alimwuliza kwanza: ulianzia kwa nani?

Likafuata tangazo: watu wasizidi watano pamoja.
Saini ilipanda juu ya mstari, ikateremka, ikakatika
kama njia ya siafu iliyomwagiwa majivu.
Kalunde alimzika mwanawe kwa hesabu hiyo.
Wawili wa kuchimba, katekista, yeye, na mama yake.
Baba wa mtoto alisimama ng'ambo ya barabara
akijifanya anangoja bodaboda.

Mnaosema mzee amechoka, mwacheni:
hata mimi namhurumia. Ningemkorogea uji.
Ningemfunga vifungo vya shati
kama ninavyomfunga huyu wangu, kimoja kimoja, tangu chini.
Lakini uji ni uji,
na ufunguo wa mahabusu ni kitu kingine.

Jana usiku treni ya Kigoma ilipiga honi, Lugembe akaamka
na akili zake zote, kama inavyomtokea mara chache.
Akanisimulia jinsi Mlolwa, mkaguzi, alivyotokwa machozi
siku ya kumpokonya funguo: "Si adhabu, ndugu yangu.
Nyuma yako kuna mabehewa kumi na moja."
Kisha akaniuliza mimi ni nani.

Haya nayaandika nyuma ya ratiba ya zamani ya treni.
Jina lake sijaliandika, mnaona. Nitaikunja
niifukie ndani ya debe la mchele.
Wakiikuta, basi waisome mpaka chini, nina maswali mawili tu,
yale yale ya stesheni, hayana tusi ndani yake:

Mheshimiwa, leo siku gani?
Unatupeleka wapi?